Mchepuo Upi Unalipa? Uhakiki wa Ushauri Tunaowapa Vijana wa Kompyuta



Kila mwaka ikifika miezi hii ya barua za vyuo, simu yangu haipumziki. Kijana amepata nafasi ya uzamili wa teknolojia ya kompyuta, au mzazi wake yuko Mwanza au Kisumu na ameambiwa kuna mwalimu fulani huku Minnesota, muulizeni yeye. Swali huwa moja: achague mchepuo gani? Na kabla sijafungua mdomo, anayeuliza ameshajijibu mwenyewe: "Maana wanasema akili mnemba ndiyo yenye hela siku hizi. Au usalama wa mtandao."

Hao "wanasema" ni sisi, jamani. Ni sisi kwenye harusi za Brooklyn Park, kwenye misiba, kwenye maegesho ya kanisa na ya msikiti, tunaogawa ushauri wa bure juu ya fani ambazo wengi wetu hatukuzisoma. Nataka leo niuhakiki ushauri huo kama tunavyohakiki kitabu: unasema nini, unaficha nini, na nani anaulipia.

Niweke wazi nimesimama wapi. Mimi si mtu wa kompyuta kwa asili. Uzamivu wangu ni wa takwimu, na kwa miaka mingi nimefundisha chuo kimoja hapa St. Paul somo la nadharia ya uwezekano. Wanafunzi wa uzamili wa kompyuta wanaletwa darasani kwangu kwa lazima, wengi wamenuna. Kwa hiyo mimi ninakutana nao mwezi wa pili wa masomo, brosha ikiwa imeshafanya kazi yake na ada imeshalipwa.

Tuanze na hiyo brosha. Ni aina ya maandishi yenye kanuni zake, kama ilivyo hotuba ya bajeti. Juu kuna jina la mchepuo kwa herufi kubwa: sayansi ya data, kompyuta za wingu, usalama, akili mnemba (wengine mnapenda "akili unde", sina ugomvi). Chini yake picha ya vijana wa rangi zote wakicheka mbele ya kompyuta. Chini zaidi, orodha ya vyeo vya kazi na mishahara. Orodha ya masomo yenyewe lazima uitafute, na ukiipata utashangaa: algoritimu, mifumo endeshi, hifadhidata, mitandao ya kompyuta, uwezekano na takwimu. Ukiweka orodha za michepuo minne mezani ukafunika vichwa vyake kwa kiganja, utapata taabu kujua ipi ni ipi kwa zaidi ya nusu ya ukurasa.

Mfano wa karibu ni University of Minnesota. Uzamili wa sayansi ya kompyuta pale ni krediti 31, na sharti lao la msingi ni kwamba mwanafunzi apite pande tatu: nadharia na algoritimu, usanifu na mifumo, halafu matumizi. Hata uwe shabiki wa akili mnemba kiasi gani, utaigusa mifumo. Kisha kuna uchaguzi mwingine ambao hakuna aliyewahi kunipigia simu kuuliza: Plan A ni ya tasnifu, Plan B ni ya mradi, Plan C ni ya masomo matupu. Kwa maoni yangu uchaguzi huo una uzito kuliko jina la mchepuo. Wa Plan C anatoka na orodha ya alama. Wa Plan A anatoka na tatizo moja alilolala nalo mwaka mzima, na mtu mmoja mwenye jina katika fani anayeweza kusema, "Huyu namjua, nilimwona akikwama na nikamwona akijinasua." Sisemi Plan C ni mbovu. Mtu mwenye kazi tayari na watoto watatu hana muda wa tasnifu, na aichukue kwa amani. Lakini kijana wa miaka 25 aliyeuziwa kiwanja ili aje huku, anachukua Plan C kwa sababu gani? Kwa sababu ameambiwa awahi kumaliza. Awahi wapi?

Hapo tunaingia kwenye makaratasi, na hapa ushauri wetu unapotosha kabisa. Kuna imani kwamba mchepuo fulani "unatoa" ruhusa ya kufanya kazi kuliko mwingine. Sivyo. Mwenye visa ya F-1 anapata miezi 12 ya OPT baada ya kuhitimu, na programu ikiwa kwenye orodha ya STEM anaongezewa 24, jumla 36. Kinachoamua ni msimbo wa programu nzima unaoandikwa kwenye I-20 yake. Mchepuo hauna kauli hapo. Sayansi ya kompyuta, ukiichukua kwa upande wa mitandao au kwa upande wa roboti, saa ni ile ile. Penye hatari ni programu za mifumo ya habari zinazokaa chini ya shule ya biashara: jina linasikika kama kompyuta, msimbo unaweza kuwa wa biashara usiohesabiwa STEM. Swali hilo linaulizwa kwa barua pepe ya mistari miwili kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kabla ya kulipa amana. Sijui kwa nini tunawaacha watoto walijue wakiwa wamebakiza muhula mmoja.

Na hata hiyo miezi 36 si daraja la uhakika. H-1B ni bahati nasibu tangu zamani, na Septemba 2025 likaja tangazo la Rais Trump la ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya, kisha Oktoba idara ya uhamiaji ikaeleza kwamba haiwahusu wanaobadili hadhi wakiwa ndani ya nchi kihalali. Kanuni ilibadilika mara mbili ndani ya wiki tano. Anayechagua elimu yake yote kwa kuifuata kanuni ya uhamiaji anafukuza kivuli cha ndege.

Sasa mishahara. "Soma hiki, kinalipa." Hivi tumesahau tunaishi mji gani? Minneapolis na St. Paul ni makaburi ya majina ya kompyuta yaliyowahi kulipa. Engineering Research Associates ilianza St. Paul 1946, ikijenga mashine katika kiwanda kilichokuwa cha ndege zisizo na injini. Kutoka humo wakatoka walioanzisha Control Data mwaka 1957, na 1964 kompyuta yao ya 6600, kazi ya Seymour Cray, ikawa yenye kasi kuliko zote duniani. Miaka ile kijana wa hapa akisema anafanya Control Data ilikuwa kama kusema anafanya Benki Kuu. Kufikia 1992 kampuni ilikuwa imegawanywa na jina limebadilishwa.

Au Gopher. Walio chini ya miaka 40 hawaijui, na kutoijua kwao ndiyo hoja yangu. Mwaka 1991 Mark McCahill na wenzake hapa University of Minnesota walitengeneza itifaki ya kupitia habari kwenye intaneti kwa menyu, wakaipa jina la mnyama wa timu ya chuo. Kwa muda ilikuwa ndiyo njia ya kuzunguka intaneti. Masika ya 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya wenye seva watalipa leseni. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo CERN ikauachia wavuti kwa umma bure. Mnajua kilichofuata. Aliyekuwa bingwa wa Gopher kwa maana ya kujua amri zake alibaki na kumbukumbu. Aliyekuwa anaelewa jinsi seva na mteja wanavyozungumza juu ya TCP alihamia kwenye wavuti kwa wiki chache, kazi ikaendelea.

Upande wa pili wa hadithi hiyo ni GroupLens, pale pale chuoni. John Riedl (alifariki 2013), Joseph Konstan na wenzao miaka ya tisini mwanzoni walikuwa na swali dogo: kuna ujumbe mwingi mno kwenye Usenet, msomaji atajuaje upi unamfaa? Wakatumia maoni ya wasomaji wanaofanana naye. Hakuna brosha iliyokuwa na mchepuo wa "mifumo ya mapendekezo". Leo kila unapofungua duka la mtandaoni au video ukaambiwa "huenda ukapenda hiki", unakutana na uzao wa swali lile. Waliokuwa wanafunzi wa uzamili kwenye chumba kile walichagua swali, na jina la mchepuo likaja baadaye.

Nirudi kwenye huo usalama wa mtandao tunaouhubiri sana, maana mifano miwili mikubwa imetokea hapa hapa mlangoni. Mwisho wa 2013 Target, makao yake Nicollet Mall, iliibiwa taarifa za kadi milioni 40. Wezi waliingia kwa nywila za mkandarasi wa majokofu na viyoyozi, kisha wakatembea ndani ya mtandao hadi kwenye mashine za malipo. Mitambo ya ulinzi ilitoa tahadhari, watu hawakuifanyia kazi kwa wakati. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Change Healthcare, mali ya UnitedHealth ya hapa viungani mwa mji; taarifa za watu takriban milioni 190, na mkurugenzi mkuu akaliambia Seneti kwamba mlango uliotumika haukuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Mwanafunzi aliyefundishwa usalama kama mkusanyiko wa zana za kubonyeza angesaidia nini hapo? Swali la Target lilikuwa la usanifu wa mtandao: kwa nini fundi wa jokofu anafikika hadi kwenye rejista? Anayejibu swali hilo ni mtu wa mitandao na mifumo endeshi aliyekomaa, ambaye baadaye akaamua kuiangalia kwa jicho la mwizi. Vijana wetu wanataka kuanza na jicho la mwizi.

Basi niseme jinsi ninavyodhani mchepuo unachaguliwa, na nitatumia mfano wa binti mmoja wa Kitanzania nisiyemtaja. Alifika huku baada ya miaka minne kwenye kampuni ya simu Dar. Kazi yake ilikuwa miamala iliyokwama. Mteja katuma pesa kutoka kwenye simu kwenda benki. Salio la simu limepungua, benki inasema haijaona kitu. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakikaa na mafaili mawili, la kampuni na la benki, wanalinganisha mstari kwa mstari, wakati mwingine hadi saa nne usiku, huku mama wa watu yuko Tandika anasubiri hela ya mzigo. Alipofika hapa kila aliyekutana naye alimwambia: achana na mambo hayo ya kizamani, ingia akili mnemba.

Kizamani! Kile alichokuwa akikifanya kwa macho na rula ni moja ya matatizo magumu ya sayansi ya kompyuta. Mashine mbili ziko mbali, zinazungumza kwa njia inayoweza kukatika sekunde yoyote. Zitakubalianaje kwamba jambo limetokea, na limetokea mara moja tu? Ukituma ujumbe usipate jibu, hujui kama haukufika au umefika na jibu ndilo lililopotea. Ukituma tena, unaweza kumkata mteja mara mbili. Usipotuma, pesa yake inaning'inia. Huo ni ubobezi wa mifumo iliyosambazwa. Makala ya Leslie Lamport kuhusu saa na mpangilio wa matukio katika mifumo hiyo ni ya 1978, na hadi leo inasomeshwa. Mwenyewe alipewa tuzo ya Turing ya 2013. Karibu nusu karne, na haijazeeka. Na ni wapi duniani tatizo hili linamgusa mama ntilie kila siku kuliko kwetu, ambako M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania mwaka uliofuata? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ikabaki na intaneti ya kudokoa. Hapo ndipo unapoona mfumo gani ulijengwa na mtu anayejua kwamba njia hukatika, na upi ulijengwa na aliyejifunza kwamba wingu lipo daima.

Yule binti anayo miaka minne ya kuyaona makosa hayo yakitokea. Anajua yanatokea saa ngapi, mwisho wa mwezi yanaongezekaje, benki ipi inajibu kwa kuchelewa. Mwenzake wa darasani kutoka California ana kitabu tu. Kumwambia aache hayo akaanze mwanzo kwenye fani ambayo hana swali hata moja nayo, ni kumvua koti wakati wa baridi. Nilimwambia hivyo. Akachukua mifumo iliyosambazwa na hifadhidata, akaongeza somo moja la kujifunza kwa mashine ili kwenye usaili asikose la kusema. Tasnifu bado anaiandika. Kazi bado hajapata, na soko la wanaoanza limekuwa gumu tangu makampuni makubwa yalipoanza kupunguza watu 2022, kwa hiyo siwaletei hadithi iliyoisha vizuri. Ninachowaambia ni kwamba akikaa mbele ya mtu wa benki, awe wa Minneapolis au wa Posta Dar, ana kitu cha kusema kwa saa nzima.

Kwa wale wenye akili mnemba kwelikweli moyoni, sina kinyongo, ila nawaomba hesabu. Chini ya lile jina kubwa kuna aljebra ya matrisi, uwezekano na takwimu. Ninaowaona wakianguka darasani kwangu si wajinga. Waliambiwa kwamba maktaba za programu zitafanya hesabu kwa niaba yao. Mwenye nia aje na swali lake pia. Chukueni neno "hawatatuambia". Kwa Kiswahili ni neno moja, na ndani yake kuna ukanushi, nafsi mbili, wakati na kitenzi. Modeli kubwa za lugha, zilizolishwa Kiingereza kwa wingi, hulikata vipande pasipo kujali viungo hivyo, kama bucha asiyejua pa kupitisha kisu. Arvi Hurskainen, aliyekuwa profesa wa lugha za Kiafrika Helsinki, alianza kushughulika na uchanganuzi wa maneno ya Kiswahili kwa kompyuta miaka ya themanini, kabla wengi wetu hatujagusa kibodi. Wachapakazi wa Masakhane wamekuwa wakijenga zana za lugha za Kiafrika tangu 2019. Kijana aliyekulia Tanga au Lamu, anayesikia kosa la upatanisho wa ngeli bila kufikiri, ana mtaji hapo. Lakini ni wangapi wanaofika kwangu wakasema nataka akili mnemba kwa sababu ya Kiswahili? Wanasema kwa sababu ya mshahara.

Jambo moja la haraka kuhusu msimamizi, maana watu huchagua mchepuo na kumpokea msimamizi kama mvua. Aprili 2021 wasimamizi wa Linux waliifungia University of Minnesota kuchangia, baada ya watafiti wa hapo kupeleka kwa makusudi marekebisho yenye kasoro ili kupima kama yatagunduliwa. Makala ikaondolewa. Mchepuo ulikuwa usalama, heshima tele. Aliyeumia ni jina la kila mtu wa chuo kile aliyekuwa akichangia kwa nia njema. Kabla ya kusaini fomu, soma makala tatu za huyo anayetaka kukusimamia, kisha waulize wanafunzi wake wa zamani wako wapi sasa.

Najua nitakavyopingwa. "Mwalimu, wewe una kazi ya kudumu. Kijana ana deni, na nyumbani wanasubiri." Ni kweli, na silifanyii mzaha deni. Nimewaona wenye shahada za uzamili wakibeba maboksi kwenye maghala ya Shakopee usiku. Lakini wale ninaowajua mimi hawakukwama kwa sababu ya mchepuo usio na hela. Waliufuata ule wenye hela, pamoja na maelfu ya wengine waliosoma brosha ile ile, na siku ya usaili wakaulizwa: "Umewahi kurekebisha kitu gani kilichoharibika?" Wakaanza kutaja majina ya masomo.

Kwa hiyo simu ikipigwa tena, mimi nitauliza kwanza hilo. Kijana amefanya kazi wapi, ameona nini kikiharibika, na hesabu zake zikoje. Walioko Mankato na St. Cloud, na nyinyi wa Dallas na Columbus mnaopigiwa simu hizo hizo, mnisahihishe kwa mifano.

Naomba kuwasilisha.